Barua ya wazi: Gia ya meno 127 isiuzwe kwa kilo

Tabora

Kwa: Waheshimiwa mliokabidhiwa karakana kongwe ya mjini kwetu, pamoja na wote wenye dhamana ya elimu ya ufundi na mambo ya kale mkoani.

YAH: KUSITISHA UKATAJI WA MITAMBO YA ZAMANI NA KUWAFUNGULIA WANAFUNZI STOO

Waheshimiwa,

Somo tajwa hapo juu lahusika.

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkerezaji wa vyuma mstaafu. Nimesimama mbele ya mashine miaka 31, na tangu nilipostaafu nawafundisha vijana wachache kwenye kibanda changu cha mabati chini ya mwembe. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa mapokezi mbele yangu. Ya pili niliambiwa inafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa, na nilipoifuatilia nikaambiwa faili halionekani. Sikulelewa kusema na wakubwa wangu hadharani. Lakini mitungi ya gesi ya kukatia vyuma imeshaingizwa uani, na nikisubiri jibu la barua ya tano hakutakuwa na kitu cha kuombea.

Sitataja jina la karakana, la ofisi wala la mtu. Sitafuti kumwaibisha yeyote. Wahusika mnajijua, na stoo ninayoisema mnaijua.

Naomba nianze mbali kidogo ili mwone kwa nini jambo hili limeninyima usingizi.

Mwanangu wa pili anafanya kazi Marekani. Alinikatia tiketi nimtembelee, na kwa kuwa anamjua baba yake, hakunipeleka kwenye maghorofa. Alinipeleka Windsor, mji mdogo wa jimbo la Vermont wenye watu elfu tatu na kitu, ambako kuna makumbusho ya mashine za kutengenezea mashine. Jengo lenyewe ni kiwanda cha bunduki cha matofali kilichojengwa mwaka 1846 na kampuni ya Robbins na Lawrence, kando ya kijito kilichokuwa kikizungusha mitambo. Madirisha ni makubwa mno, na mtu asiye fundi angedhani ni pambo. Ni kwa sababu taa za umeme hazikuwapo. Macho ya mpimaji yalitegemea jua.

Kilichofanywa humo ndani ndicho kilichobadilisha ufundi wa dunia. Zamani kila bunduki ilikuwa na vipande vyake. Kikivunjika kimoja, fundi alikaa na tupa akikwangua kipya mpaka kikubali. Mafundi wa Windsor walitaka kipande chochote kiingie katika bunduki yoyote bila kuguswa na tupa. Mwaka 1851 kampuni ilipeleka bunduki sita kwenye Maonyesho Makuu ya London. Zingeweza kufunguliwa, vipande vikachanganywa, zikafungwa tena na kila moja ikafanya kazi. Waingereza, waliokuwa wakijihesabu ndio walimu wa viwanda, walituma watu wao Marekani kwenda kuona kazi hiyo inafanywaje, kisha wakaagiza mashine kutoka huko kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield. Kampuni haikudumu. Jengo likageuzwa kiwanda cha pamba, baadaye likawa la mambo ya umeme. Mwaka 1966 Edwin Battison, aliyekuwa mtumishi wa Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho ya Marekani, akaanzisha makumbusho humo. Bila yeye na wenzake, zile mashine zingekwisha kama mnavyotaka zetu ziishe.

Kijana wa pale aliponiuliza kazi yangu nikamwambia, aliniruhusu nishike gurudumu la mkono la mashine ya kukereza ya zamani. Nilifumba macho. Uzito wake, ule ulegevu mdogo kabla skrubu haijashika, ni ule ule niliouacha Tabora katika mashine iliyo ukutani kabisa mwa stoo yenu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mwanangu alidhani naumwa.

Niliporudi nyumbani, siku ya tatu nikaja karakana kuomba kuiona. Nikaikuta uani, juu ya majani, mvua inainyeshea.

Sasa hoja zangu.

1. Mitambo inakatwa bila mtu aliyejua ni kitu gani kuulizwa.

Nilichokiona kwa macho yangu, nikiwa nje ya uzio, ni hiki. Mashine ya kupigia randa chuma imeshatenganishwa na meza yake. Ule mhimili mrefu wa juu uliozungusha mikanda ya ngozi umekatwa vipande vinne. Na sahani tatu za chuma za kupimia usawa, sasa imebaki moja.

Naomba mnivumilie juu ya hizo sahani, kwa maana hapa ndipo palipo na hasara msiyoiona. Bila shaka aliyeruhusu alifikiri: zipo tatu zinazofanana, tukitoa mbili tutabaki na moja, inatosha. Waheshimiwa, kuwa tatu ndiyo kazi yake. Ukizisugua sahani mbili mpaka zikutane barabara, hujapata usawa bado, kwa sababu moja inaweza kuwa na tumbo na nyingine ikawa na shimo, zikaoana vizuri kabisa huku zote zimepinda. Ukileta ya tatu uongo unafichuka. Yenye tumbo haiwezi kuoana na yenye tumbo, wala yenye shimo na yenye shimo. Unakwangua sahani ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, ya tatu kwa ya kwanza, unazungusha hivyo siku nyingi, mpaka zote tatu zikubaliane. Usawa ndiyo njia pekee ya zote tatu kukubaliana. Joseph Whitworth wa Uingereza, yule aliyeweka kipimo cha thredi za bolti mwaka 1841, ndiye aliyeieneza njia hii. Haihitaji umeme wala kompyuta. Inahitaji sahani tatu, rangi ya kupaka, kikwanguo na subira. Mtoto wa Tabora angeweza kuanza na chuma kisicho sawa na kuumba usawa kwa mikono yake mwenyewe. Tulikuwa na seti hiyo. Sasa tuna sahani moja.

2. Gia ya meno 127.

Katika rafu ya pili kushoto, nyuma ya mapipa, kuna gia ambayo kila kijana niliyewahi kumpeleka stoo, enzi za kupelekwa, aliniuliza: "Mzee, kwa nini meno 127? Hesabu gani hii isiyogawanyika?" Swali zuri, kwa maana 127 ni namba tasa kweli.

Jibu lake ni historia ya mji huu. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upana wake ni mita moja, kwa sababu wao walipima kwa mita. Vita vikaja. Mwezi Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, kisha nchi ikawa chini ya Waingereza, na Waingereza walipima kwa inchi. Hivyo karakana za ukanda huu zikajikuta na bolti za aina mbili, mashine za aina mbili, na michoro isiyosemezana. Fundi mwenye mashine ya inchi aliyeletewa kazi ya milimita angefanyaje? Inchi moja ni milimita 25.4. Zidisha kwa tano upate 127 kamili, bila sehemu. Ukipachika gia ya meno 127 kwenye mashine yenye skrubu ya inchi, inakata thredi za milimita bila kosa hata la unywele. Hakuna gia ndogo kuliko hiyo inayoweza kazi hiyo kwa ukamilifu.

Mimi nimeitumia. Nimekata thredi nayo usiku wa manane wakati kuna injini inasubiri kipuri kisichopatikana nchini. Leo imewekwa kwenye orodha ya vyuma chakavu, kwa uzito.

3. Wanafunzi wanazuiwa kuona.

Nilileta maombi ya kuwaleta vijana wa ufundi kumi na wawili, na mwalimu wao akiwapo, kwa saa mbili. Jibu la mdomo lilikuwa: hakuna cha kuona pale. Vijana hao wanajifunza mashine kwa picha za kitabu na kwa maelezo ubaoni. Wengine hawajawahi kushika maikromita, kile kifaa cha kupimia unene mdogo kabisa. Wanaambiwa "sehemu ya mia ya milimita" na wanaitikia ndiyo, lakini mkono haujui hiyo ni nini. Na mashine za kisasa zinazojiendesha zenyewe, ambazo kila mtu anazitamani, zimefunika kila kitu ndani ya boksi. Katika mashine ya zamani kila kitu kiko wazi: unaona gia inasukuma gia, skrubu inasukuma kisu, na kosa unaliona linakotoka.

4. Madaftari na michoro.

Kulikuwa na kabati la michoro na madaftari ya vipimo, mwandiko wa mafundi waliokwisha kufa. Nimeambiwa karatasi zilitumika kuwashia moto. Naomba mnikanushe. Nitafurahi sana kukanushwa.

Hoja nne hizi zinatokana na jambo moja ambalo wengi wa Tabora hawajawahi kuambiwa. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli haziji, karakana ya reli ya hapa Tabora ilipiga sarafu za dhahabu. Rupia 15, upande mmoja una tembo na mlima uliosimama nyuma ya tembo huyo, na herufi T ndogo kuonyesha zimetengenezwa Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Zilipigwa zaidi ya elfu kumi na sita, na zote zilikuwa na uzito wa gramu saba na kidogo. Zilipigwa pia heller, yaani senti za wakati huo, kwa shaba yoyote iliyopatikana.

Wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanaijua Tabora kwa sarafu hiyo tu. Wanatofautisha hata aina zake mbili, kwa kuangalia ncha ya pambo inaishia chini ya herufi gani. Fundi ukisikia hivyo unaelewa mara moja: kalibu zilikuwa mbili, zilichongwa kwa mkono, na mkono haurudii. Ndilo tatizo lile lile lililowasumbua watu wa Windsor, la kufanya cha pili kiwe sawasawa na cha kwanza, na sisi tunaweza kulifundisha kwa sarafu ya mji wetu wenyewe. Mtoto wa shule hapa Tabora hajui kwamba iko sarafu ya namna hiyo. Hajui kwamba kabla ya Mjerumani, majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa huku magharibi yaliuzwa katika masoko ya Unyamwezi na kutolewa mahari. Ufundi wa chuma haukutufikia kwa treni.

Wenzetu wa Kigoma angalau wana meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa katika makreti karibu 5,000, ikaja kwa bahari na kwa reli ikipita hapa hapa Tabora, ikaungwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Vipande vilivyotobolewa Ulaya vilitakiwa vikutane tundu kwa tundu ufukweni mwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi, na ilipoibuliwa mwaka 1924 bado ilifaa, ikarudi kazini mwaka 1927. Wageni huvuka bahari kuja kuiona. Lakini meli haiishi miaka mia kwa jina lake tu. Inaishi kwa bushi, shafti na bolti zinazochongwa kila kinapochakaa kitu, na vinachongwa kwa mashine za aina ile ile inayonyeshewa uani kwenu.

Najua mtakachojibu, maana mengine nimeshajibiwa mlangoni.

Mtasema hakuna bajeti. Sijaomba jengo. Bati ishirini na nguzo za mkaratusi zinatosha kuanzia, na kazi ya kujenga tutaifanya wenyewe.

Mtasema ni hatari kwa wageni. Mashine isiyo na umeme wala mkanda haimkati mtu. Mstari wa rangi ya njano sakafuni, kamba, na fundi mmoja wa kuongoza. Kule Windsor ndivyo nilivyoongozwa, na nimerudi na vidole kumi.

Mtasema sheria haivilindi. Hapo mna ukweli, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi na si mahakama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavitazama vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mitambo hii ni midogo kwa umri huo. Basi kinachoilinda ni busara ya aliyeshika ufunguo, basi.

Mtasema ni mabaki ya mkoloni. Hili liliniuma kuliko yote, kwa kuwa aliyenijibu ni kijana wa umri wa mwanangu. Mwanangu, mkoloni aliileta mashine. Aliyeizungusha ni nani? Aliyenifundisha kazi alikuwa Mnyamwezi wa Unyanyembe aliyeianza kabla ya uhuru kama mfagiaji, akajifunza kwa kutazama, kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kushika kipimo. Alikuja kuwa fundi ambaye wahandisi walimwita wanapokwama. Mpini wa mashine ile, mahali pa kushikia, umeliwa na kiganja chake na changu. Mkiukata, si jasho la mkoloni mnalolikata.

Na mtasema nafasi inahitajika, kwamba reli ya kisasa inakuja na mji unabadilika. Naifurahia reli mpya kwa moyo wote. Itahitaji vijana wanaojua kipimo ni nini. Mtawatoa wapi?

Ninachoomba ni hiki:

1. Ukataji usimame leo, kabla ya mkutano wowote na kabla ya kamati yoyote kuundwa.

2. Kila kilichobaki kiorodheshwe na kupigwa picha, mbele ya mafundi wastaafu wasiopungua watatu. Tupo, na hatutadai posho.

3. Kilichouzwa na bado kipo kwa mnunuzi kirudishwe, hususan zile sahani mbili. Bei ya kilo tutaichanga.

4. Mashine zilizopo uani zipakwe grisi na kufunikwa kabla ya mvua kubwa. Waliozamisha Liemba wakijua wanashindwa vita waliikumbuka grisi.

5. Stoo ifunguliwe siku moja kwa wiki kwa wanafunzi wa ufundi na shule za mkoa. Nitakuwapo kila siku hiyo maadamu nina nguvu za kusimama.

6. Wazee waliofanya kazi humo warekodiwe sauti. Mwaka huu nimeshazika wawili.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu likiwa hapana, lisainiwe na mtu, ili vijana wangu wajue ni nani aliyeamua.

Gia niliyoisema iko rafu ya pili kushoto, nyuma ya mapipa mawili ya oili chakavu, imefungwa kwa gunia. Niliifunga mimi siku ya kustaafu. Naomba mtu asiiguse mpaka mtakaponiita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkerezaji mstaafu,
Tabora

Nakala: Walimu wa ufundi mkoani Tabora na Kigoma, mafundi wastaafu wote.